Kuondoa Chawa wa Kichwani Nyumbani: Ratiba ya Siku 17, Hatua kwa Hatua

Kila shule zinapofungwa Juni na Desemba, napata ujumbe ule ule kwenye simu: "Dada, nilimpaka dawa wiki iliyopita, chawa wakaisha kabisa. Leo namshika kichwa, nawaona tena." Mimi ni msusi. Watoto wanaotoka bweni hukaa mbele ya kigoda changu kufumuliwa kabla ya kusukwa upya, kwa hiyo chawa nimewaona wa kutosha, na malalamiko ya mama zao nimeyasikia ya kutosha.

Nikiuliza walifanya nini, jibu halibadiliki: walipaka dawa mara moja, kichwa kikatulia siku nne tano, wakaacha. Chawa hao hawakurudi, maana hawakuwahi kuondoka. Dawa iliua waliokuwa wanatembea, mayai yakabaki yameganda kwenye nywele. Wiki moja baadaye yakaanguliwa.

Ndiyo maana mwongozo huu unahesabu siku. Ukiishia siku ya 2 kwa sababu mtoto ameacha kujikuna, jiandae kuanza upya mwezi ujao.

## Vitu vya kuandaa

Usianze mpaka viwe vyote mezani. Mtoto akishalowa kichwa, si wakati wa kutuma mtu dukani.

- Kitana cha chawa, cha chuma. Meno yawe marefu na yamebanana sana. Vile vya plastiki vya bei rahisi meno hutanuka ukivivuta kwenye nywele ngumu, na chawa wanapita katikati.
- Chanuo la meno mapana. Hili ni la kufungulia nywele. Chawa halitoi hata mmoja.
- Shampuu ya kawaida, isiyochanganywa na kondishena.
- Kondishena au krimu ya stiming. Ya bei ya chini inatosha, lakini nunua nyingi. Nywele nzito humaliza chupa ndogo kwa mkao mmoja.
- Dawa ya chawa: losheni ya permethrini ya asilimia 1. Kama huna au huitaki, kuna njia ya kitana pekee, nimeieleza chini.
- Vibanio vinne au zaidi.
- Beseni jeupe, karatasi ya chooni nyeupe na mswaki mkuukuu wa kusafishia kitana.
- Mwanga. Kaeni nje barazani mchana, au tumia tochi.
- Kalenda na kalamu.

Dawa inunue famasi au duka la dawa muhimu, si kwa mtu anayepita na kikapu. Soma boksi kabla ya kulipa, maana permethrini ya asilimia 5 nayo ipo, na hiyo ni krimu ya upele inayopakwa mwili mzima na kukaa usiku kucha. Maelekezo yake hayafanani na ya chawa. Ukipewa BBE (benzyl benzoate), ile dawa nyeupe kama maziwa, muulize mfamasia kama ya mtoto inazimuliwa na kwa kiasi gani. Huunguza vibaya kwenye ngozi iliyokunwa ikachubuka.

Mtoto wa chini ya miezi miwili asipakwe dawa yoyote ya chawa. Yeye ni wa kutolewa kwa mkono na kitana. Mjamzito na mwenye pumu waulize kwanza kwa mfamasia au kituo cha afya.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni chawa kweli

Nimeletewa vichwa vingi vilivyopakwa dawa ya chawa wakati tatizo lilikuwa mba, au jeli ya nywele iliyokauka. Mtoto anakuna, mama anaona vitu vyeupe, anakimbilia dukani.

Chawa mzima ana ukubwa wa punje ya ufuta, ana miguu sita, na rangi yake ni ya kijivu au kahawia. Haruki wala hapai. Anatembea tu, ila anatembea haraka na anakimbia mwanga, ndiyo maana ukimtafuta kwenye nywele kavu humwoni. Yai ni dogo zaidi, umbo kama tone, limeganda upande mmoja wa unywele.

Jipime hivi. Puliza au gusa kile kitu cheupe kwa kidole. Mba hudondoka. Yai la chawa halitikisiki, lazima ulivute kwa kucha mbili kufuata unywele mpaka ncha.

Kisha lowesha nywele, weka kondishena, pitisha kitana kuanzia kisogoni na nyuma ya masikio, na ukifute kwenye karatasi nyeupe. Sehemu hizo mbili zina joto na kivuli, huko ndiko wanakopenda kutagia.

Ukiona chawa anayetembea, endelea na hatua ya 2. Ukiona mayai tu, angalia yako umbali gani kutoka kwenye ngozi. Chawa hutaga karibu kabisa na ngozi ya kichwa, ndani ya milimita sita hivi, kwa sababu yai linahitaji joto. Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi. Kwa hiyo yai lililo mbali kuliko hapo mara nyingi ni ganda tupu la zamani. Kwa nywele za kipilipili vuta unywele unyooke kwanza ndipo ukadirie, la sivyo utadanganyika.

Jambo moja linalowachanganya wengi: kwa mtu anayepata chawa mara ya kwanza, mwasho unaweza kuchelewa wiki nne hadi sita. Kutojikuna si ushahidi kwamba hana. Kagua kila mtu ndani ya nyumba siku hiyo hiyo, na baba naye, hata akikataa.

## Hatua ya 2: Panga tarehe, tafuta msaidizi

Andika kwenye kalenda siku tano: siku ya 1, 5, 9, 13 na 17. Ukianza Jumamosi, zinaangukia Jumamosi, Jumatano, Jumapili, Alhamisi na Jumatatu.

Hesabu yenyewe ni hii. Yai huanguliwa ndani ya siku 7 hadi 10. Chawa mchanga huhitaji siku 9 hadi 12 nyingine mpaka awe mkubwa wa kutaga. Jike mkubwa hutaga mayai sita hadi nane kwa siku, na anaishi kama mwezi mmoja. Mkimuua mama siku ya 1, na watoto wake mkawamaliza kati ya siku ya 5 na ya 13, hakuna atakayefikia umri wa kutaga. Mkiruka siku mbili za ratiba, jike mmoja akapona, mnarudi mwanzo.

Wenye chawa wote nyumbani waanze siku moja. Kumtibu Asha leo na dada yake wiki ijayo, na wanalala kitanda kimoja, ni kuhamisha chawa tu kutoka mto huu kwenda mto ule.

Halafu tafuta mtu wa kukusaidia. Wahenga waliosema kidole kimoja hakivunji chawa hapa hawakuwa wanafumba: mmoja ashike mwanga na kubana nywele, mwingine achane. Kichwa chenye nywele nzito huchukua saa moja na nusu hata mbili. Mtoto atachoka, wewe utachoka zaidi. Muwekee katuni.

## Hatua ya 3: Fumua yote, jioni ya kuamkia siku ya 1

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Watu wanapaka dawa juu ya twende kilioni au rasta kwa kuwa msuko bado mpya na pesa imeshaenda. Dawa inapita kwenye mistari, chawa wako ndani ya msuko. Fumua. Rasta za bandia tupa. Wigi na nywele za kuvaa zitapelekwa kwenye hatua ya 6.

Ukishafumua, paka kondishena au mafuta ya nazi, fungua nywele kwa chanuo la meno mapana, kuanzia ncha kwenda kwenye shina. Zigawe mafungu sita hadi kumi, kila fungu lisokote liwe butu legevu. Kesho zitakuwa zimenyooka kidogo na hazijafungana, na kitana kitapata njia.

Tandika kanga kuukuu mabegani kwa mtoto wakati wa kufumua. Ukimaliza itie kwenye maji ya moto hapo hapo.

Dalili kwamba umefanya vizuri: chanuo linapita kutoka ngozini hadi nchani kwenye kila fungu bila mtoto kulia.

## Hatua ya 4: Dawa, siku ya 1

1. Osha kwa shampuu mara mbili. Mafuta na kondishena ya jana lazima yatoke yote. Yakibaki yanaufunika unywele na dawa haiugusi. Naamini nusu ya wanaosema "dawa ni feki" wamekwama hapa: walipaka kichwa kinachong'aa mafuta.

2. Kausha kwa taulo mpaka nywele ziwe na unyevu tu. Maji yakichuruzika yanazimua dawa.

3. Mpe mtoto kitambaa kikavu azibe macho, ainamishe kichwa juu ya beseni. Usimpake akiwa anaoga, dawa itashuka mwili mzima bila sababu.

4. Paka fungu kwa fungu mpaka ngozi yote na nywele zote zilowe. Anza kisogoni na nyuma ya masikio, malizia utosini. Kwa nywele nzito chupa moja huenda isitoshe, na kupaka nusu nusu ni kupoteza zote mbili, dawa na pesa.

5. Subiri dakika 10 kwa saa. Usiache usiku kucha ukidhani itaua zaidi. Haiui zaidi, inawasha ngozi tu. Kama boksi la dawa yako limeandika muda tofauti, fuata boksi.

6. Suuza kwa maji ya vuguvugu. Baada ya hapo usitie shampuu wala kondishena kwa siku mbili. Mabaki ya dawa yanayobaki kwenye nywele yanaendelea na kazi, ukiosha unayafukuza.

Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi mara moja. Ngozi ikivimba au mtoto akipumua kwa shida, suuza kichwa na umpeleke hospitali.

Baada ya saa 8 hadi 12, kagua. Chawa wakiwa wamekufa au wanajikokota kama walevi, dawa imefanya kazi, hata kama hawajafa wote. Wakiwa wanakimbia kama jana, dawa hiyo haiwawezi. Usirudie ile ile kesho yake. Rudi famasi uombe ya aina nyingine, au hamia kwenye kitana pekee. Kwa ndugu walioko Ulaya na Marekani Kaskazini hili si geni, huko chawa wengi wameshaizoea permethrini. Ulizieni losheni ya dimethikoni, ambayo haitegemei sumu: inamfunika chawa mwili mzima na kumziba.

## Hatua ya 5: Kitana

Dawa huua wanaotembea. Mayai mengi huachwa hai, na hakuna atakayeyatoa isipokuwa wewe.

Siku ya 1, baada ya kusuuza dawa, chana kwa kitana nywele zikiwa na maji matupu. Kwa nywele laini au zilizowekwa dawa ya kunyoosha utamaliza yote siku hiyo. Kwa nywele za kipilipili kitana kinaweza kugoma. Usilazimishe, utang'oa nywele na mtoto hatakubali kukaa tena. Toa mayai unayoweza kwa kucha, kisha malizia siku ya 3 kwa kondishena, siku mbili za dawa zikiwa zimepita.

Namna ya kuchana:

- Lowesha nywele, paka kondishena mpaka ziwe nyeupe kabisa. Kondishena humfanya chawa atulie alipo, na kitana kinateleza.
- Pitisha chanuo kwanza. Kisha bana nywele zote isipokuwa fungu dogo lenye upana wa vidole viwili. Kwa nywele za kipilipili gawa mistari myembamba kama unayogawa ukitaka kusuka twende kilioni.
- Nyoosha fungu kwa mkono mmoja. Weka meno ya kitana yaguse ngozi ya kichwa, vuta polepole hadi ncha kabisa. Kitana kilichoanzia katikati ya unywele kimeyaruka mayai yote yaliyo hai.
- Futa kitana kwenye karatasi nyeupe kila unapovuta. Angalia kilichotoka, kisuuze kwenye beseni.
- Rudia fungu hilo hilo juu, chini, kushoto na kulia, mpaka karatasi itoke safi mara mbili mfululizo.
- Fungu lililokwisha lisokote pembeni lisichanganyike na ambalo bado.

Mayai yanayogoma yavute kwa kucha, au kata unywele huo mmoja kwa mkasi mdogo. Hakuna atakayeona. Watu hushauri siki eti inayeyusha gundi ya yai. Matokeo yake si ya kutegemea, na kichwa chenye vidonda kitawaka moto.

Ukimaliza, maji ya beseni mwaga chooni. Kitana, chanuo na vibanio vitumbukize kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa dakika kumi, halafu piga mswaki katikati ya meno. Vya plastiki laini vitapinda, hiyo ndiyo sababu nyingine ya kununua cha chuma.

Kuhusu kung'ang'ania, jina la "chawa" walilopewa wapambe wa mjini halikukosewa. Chawa ana kucha zilizoumbwa kushika unywele, na maji ya kuoga hayamwachishi.

## Hatua ya 6: Matandiko, na mahali pa kuacha

Hapa nitakuwa mfupi kuliko unavyotegemea. Chawa wa kichwani anaishi kwa damu, anakula mara kadhaa kwa siku, na akitengana na kichwa hufa ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo shughulika na vitu vilivyogusa kichwa katika siku mbili zilizopita tu:

- Foronya, shuka, taulo, ushungi, mitandio, kofia na sweta la shule: loweka kwenye maji ya moto ambayo mkono hauvumilii (kuanzia nyuzi 54 hivi) kwa dakika tano au zaidi, fua, anika juani, piga pasi.
- Wigi, kofia ngumu, midoli, mto usiofulika: funga kwenye mfuko kwa wiki mbili. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania na Kenya, kwa hiyo kama huna mfuko, ndoo yenye mfuniko unaobana inatosha.
- Godoro na makochi: fagia au futa. Godoro lisipolaliwa siku mbili, chawa aliyedondoka hapo ameshakufa.

Basi. Usitoe kapeti, usipake chokaa, na usipulize dawa ya mbu kwenye godoro la mtoto. Hao si kunguni. Nguvu unayotaka kuitumia kusugua nyumba, itumie kwenye kitana.

## Hatua ya 7: Siku ya 5, ya 9 na ya 13

Siku ya 5. Kondishena na kitana, hakuna dawa. Utakaowaona ni wachanga, wadogo sana, walioanguliwa juzi. Wengi huogopa wakiwaona na kudhani kazi imeharibika. Kinyume chake, ndio uliokuwa unawasubiri.

Siku ya 9. Rudia hatua ya 4 yote: shampuu mara mbili, kausha, dawa dakika 10, suuza. Mayai yote yaliyokuwepo siku ya 1 yameanguliwa au yako ukingoni, na hakuna chawa mchanga aliyefikia kutaga. Watu hunipigia siku ya 6 wakitaka kuwahisha. Ukiwahisha unaacha mayai tena. Siku hii watu wengi hawaifikii, ndiyo inayonirudishia wateja wenye chawa.

Siku ya 13. Kondishena na kitana. Karatasi inatakiwa kutoka na maganda matupu tu. Ukikuta chawa mkubwa, si mtoto wa mayai ya zamani, ni mgeni kutoka kichwa kingine. Mtafute aliyelala naye, aliyeazimana naye kofia, binamu aliyekuja kutembea wikiendi.

Katika siku hizi zote mtoto anaweza kusuka mabutu makubwa yanayofumuka kwa dakika mbili. Yanapunguza nywele kugusana na vichwa vya wenzake. Misuko midogo isubiri.

Shule anaweza kwenda kesho yake baada ya dawa ya kwanza. Mwambie mwalimu wa darasa au matroni kwa faragha, wengine wakaguliwe. Ukinyamaza kwa aibu, anayekaa naye dawati moja atamrudishia. Na chawa si kipimo cha uchafu, wanaingia kwenye kichwa kilichooshwa leo asubuhi sawa na kisichooshwa.

## Hatua ya 8: Siku ya 17, ukaguzi

Kondishena, kitana, karatasi nyeupe, kichwa kizima. Umefanikiwa kama hakuna hata chawa mmoja anayetembea. Maganda yaliyobaki mbali na ngozi hayana kitu, yatatoka kadiri nywele zinavyokua. Usipake dawa kwa sababu ya maganda.

Mwasho kidogo unaweza kuendelea kwa wiki moja mbili kwa sababu ngozi bado ina hasira. Huo nao si sababu ya dawa.

## Bila dawa: kitana pekee

Inawezekana, na kwa mtoto mchanga au mahali ambapo dawa haishiki ndiyo njia salama. Ratiba ni ile ile, siku ya 1, 5, 9 na 13 kwa kondishena na kitana, siku ya 17 ukaguzi. Tofauti ni kwamba huna wa kukusaidia ukichana kwa haraka. Kila fungu, kila mara, kuanzia ngozini. Kama unajijua huna subira ya saa mbili, tumia dawa.

## Kunyoa

Kwa mvulana, au mtoto yeyote aliyekubali, mashine ikipita bila chanuo lake mpaka ngozini inamaliza kazi siku hiyo hiyo. Chawa hana pa kushika na mayai yameondoka na nywele. Choma au fukia nywele zilizonyolewa. Ukitumia wembe uwe mpya, wa mtu mmoja, kwa sababu kichwa kilichochubuka hutoa damu, na wembe wa kuchangia hupitisha virusi vya Ukimwi na homa ya ini.

Msichana mwenye nywele ndefu usimshike kwa nguvu ukamnyoa kama adhabu. Nimewaona walioletwa hivyo na mtandio kichwani, hawainui uso. Akitaka mwenyewe, sawa.

## Mambo ambayo hutakiwi kujaribu

Mafuta ya taa na petroli. Bado yanatumika, na bado yanaunguza. Kichwa kilicholowa mafuta ya taa karibu na jiko au mshumaa kinashika moto. Hewa yake huumiza mapafu ya mtoto.

Dawa ya josho la ng'ombe, dawa ya kupulizia mbu, unga wa kuulia wadudu, sindano ya minyoo ya mifugo. Ngozi ya kichwa inanyonya, hasa ikiwa na michubuko. Watoto hupata sumu na hufa.

Dawa ya kunyoosha nywele au rangi. Juu ya vidonda vya kujikuna itaacha makovu na upara.

Pasi ya nywele. Mayai yako milimita chache kutoka ngozini, pasi haifiki hapo bila kumchoma mtoto.

Mafuta ya nazi peke yake. Hayana madhara, yanasaidia kitana kuteleza, na chawa huzubaa. Mayai hayafi.

## Nenda kituo cha afya ukiona haya

Vidonda vinavyotoa usaha au ukoko wa njano, tezi zilizovimba shingoni, homa. Hivyo ni vidudu vilivyoingia kwenye michubuko ya kucha, vinahitaji antibayotiki za kuandikiwa. Pia nenda kama umemaliza siku 17 mara mbili kwa uaminifu na bado wapo. Kuna vidonge vya ivermektini ambavyo mganga wa kituo anaweza kuamua kutoa, ila si kwa mtoto wa chini ya kilo 15 wala mjamzito.

Chawa kwenye kope usiwaguse kwa dawa yoyote ya kichwa, hao ni wa kuonwa na mganga.

Na ukikuta chawa kwenye pindo na mishono ya nguo badala ya kichwani, hao ni chawa wa mwili, na habari yao ni nyingine. Wa kichwani hawaambukizi maradhi. Wa mwili huambukiza taifasi (si taifodi ya maji machafu), na ndio waliosambaza mlipuko mkubwa kwenye kambi za waliohamishwa na vita Burundi miaka ya 1990. Huko tiba inaanza na nguo: kuchemsha, kupiga pasi kwenye mishono, kubadilisha, na kumwona mganga.

## Baada ya siku ya 17

Msuke anavyopenda. Kitana usikirushe kabatini ukakisahau. Kining'inize karibu na kioo, na kila Jumamosi ya kuosha nywele, kondishena ikiwa bado kichwani, kipitishe mara tatu kisogoni na nyuma ya kila sikio. Ni kazi ya dakika tano. Akirudi kutoka bweni likizo ijayo, fanya hivyo barazani kabla begi halijaingia chumbani.